Goti la mpwa wangu linauma na mashindano ya ngoma yamekaribia, nimwachishe?

Swali limetoka kwa ndugu mmoja wa Newala, nimelifupisha kidogo tu:

"Habari za kazi mtaalamu. Nina mpwa wangu wa kike, miaka 12, yupo darasa la sita na ni mchezaji wa ngoma wa shule, wanajiandaa na UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, na wanaingia na sindimba, ile ngoma ya Wamakonde. Karibu mwezi sasa analalamika goti la kulia, chini ya kifuu cha goti pametoka kinundu kigumu, ukikigusa anaruka. Ticha wao anasema anadeka. Bibi yake anamkanda kila jioni na maji ya moto na kumchua lakini wapi. Dada kaniachia mimi niamue, unajua huku kwetu mjomba ndo mwenye neno. Nimwachishe ngoma? Na hicho kinundu ni kitu kibaya?"

Salama anko. Pole wewe na dada, na pole zaidi mtoto. Nianze na hilo la kudeka mana ndo limeniuma kuliko yote. Huyo binti hadeki. Mtoto anayetafuta sababu ya kukwepa leo anaumwa huku kesho kule, ila mtoto anayekuwekea kidole kimoja palepale mwezi mzima na jioni bado anaenda kwenye mazoezi, huyo anasema kweli na tena anajikaza. Mimi mwenyewe nikiwa darasa la tano nilikuwa nachezea kikundi cha ngoma cha shule, kisigino kikawa kinaniuma mpaka natembelea vidole, mwalimu wetu akaniambia mbele ya wenzangu kwamba mimi mvivu. Nikaendelea kucheza kwa aibu. Nimekuja kusomea fizio, yani tiba ya viungo kwa mazoezi, ndo nikajua kumbe kile kisigino kina jina lake na kina maelezo yake, na ni ndugu kabisa wa goti la mpwa wako.

Sasa twende kwenye goti. Sijamshika kwa mkono kwahiyo sitajifanya nimeona, ila umri alionao, kinundu kilipo, na ngoma anayocheza, vyote vinaelekea sehemu moja. Mfupa wa mtoto anayekua usiufikirie kama wa kwako ila mfupi. Kwenye ncha zake kuna sehemu laini za gegedu, ndo panapotokea urefu. Alafu ule msuli mkubwa wa mbele ya paja unashuka unakuwa kano, unapita juu ya kifuu cha goti, unakuja kujishikiza mbele ya ugoko pale juu, na pale unapojishikiza kwa mtoto wa umri huo bado ni gegedu, haijawa mfupa mgumu. Kila akikunja goti na kukanyaga kwa nguvu, paja linavuta pale. Likivuta mara chache hakuna shida, mwili unatengeneza. Likivuta mara elfu kila jioni pale panachubuka kwa ndani, panavimba, na mwili katika kujitibu unaongeza mfupa mpya juu yake. Hicho ndo kinundu.

Na kwa nini sasa hivi na sio mwaka jana? Angalia sketi yake ya shule, nadhani imeshakuwa fupi. Mtoto akiingia kwenye miezi ya kurefuka mfupa unatangulia, misuli inachelewa, kwahiyo paja linakaa limekazwa kama kamba ya kuanikia nguo, hata akiwa amekaa tu tayari linavuta. Kwa wasichana hii inakuja zaidi kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 10 na 15. Hospitali utasikia wanaiita Osgood-Schlatter, ni majina ya madaktari wawili, Robert Osgood wa Marekani na Carl Schlatter wa Uswisi, kila mmoja aliandika habari zake mwaka 1903. Yani sio ugonjwa wa jana na sio wa kwenu peke yenu. Kile kisigino changu kinaitwa Sever, naye daktari, aliandika 1912, ni mambo yaleyale ila yanatokea pale kano la nyuma ya mguu linapojishikiza kwenye kisigino.

Sindimba yenyewe anko wewe unaijua kuliko mimi nitakavyokueleza. Magoti yamekunjwa mwanzo mpaka mwisho, mwili umeinama, kiuno kinafanya kazi, miguu inakanyaga na ngoma haikusubiri. Jaribu wewe leo usimame hivo dakika tano uone paja linavyowaka moto. Mtu mzima anayecheza kwenye sherehe anacheza akichoka anatoka pembeni anakunywa maji, mtoto wa shule kwenye mazoezi ya mashindano hatoki, anarudishwa mwanzo mpaka mstari unyooke. Siisemi vibaya sindimba hata kidogo, nataka watoto wetu waicheze mpaka wawafundishe wajukuu. Tatizo ni idadi.

Kwahiyo swali langu kwako, na naomba ukamuulize mtoto mwenyewe kwa upole: mwezi uliopita kilibadilika nini? Nakaribia kuwa na uhakika jibu lake. Walikuwa wanafanya mazoezi mara mbili kwa wiki, mashindano yakakaribia ikawa kila siku, Jumamosi asubuhi na jioni. Au walikuwa wanachezea uwanjani kwenye mchanga wakahamia kwenye sakafu ya saruji kwa sababu ya jua. Au kikundi kimeanza kuvaa njuga miguuni. Alafu ongeza na mengine ambayo huwa hatuyahesabu, umbali wa kwenda shule, na hapo Newala juu maji ni shida, kama anashuka bondeni kuchota na kupanda na ndoo kichwani basi kile kilima peke yake ni mazoezi ya paja tosha. Mtoto hana mwili wa ngoma na mwili mwingine wa kuchotea maji, ni huohuo mmoja, na unapokea vyote.

Kuna utafiti wa Marekani huwa nautaja kwa wazazi. Waliangalia watoto wa miaka 3 hadi 19 waliofikishwa idara za dharura kwa kuumia kwenye dansi, kuanzia 1991 mpaka 2007, wakakadiria wanafika 113,084. Mwaka wa kwanza walikuwa 6,175, mwaka wa mwisho 8,477. Zaidi ya nusu waliumia miguu, na kuanguka ndo kulikoongoza kwa kusababisha, karibu asilimia 45. Kwahiyo mtu akikwambia ngoma ni mchezo tu wa watoto haiumizi, mwambie inaumiza kama mpira unavyoumiza. Ila angalia kitu kimoja, hao ni waliokimbizwa dharura, walioanguka wakateguka au kuvunjika. Goti kama la mpwa wako, linalouma polepole mwezi mzima, halifiki huko, wala halihesabiwi, na kwenye chumba changu hayo ndo nayaona zaidi.

Haya, nimwachishe? Hapana anko. Usimwachishe. Ukimwachisha kabisa utampunguzia maumivu wiki mbili tatu, misuli italegea, akirudi kwa kishindo goti litaanza upya, na katikati hapo umemnyang'anya kitu anachokipenda na wenzake. Hali hii haiharibu goti, na kucheza na maumivu madogo hakumvunji mtu mfupa. Unachopunguza ni mzigo.

Mfundishe kupima maumivu kwa maksi, sifuri mpaka kumi, watoto wa shule wanalielewa hilo haraka. Likiuma maksi moja, mbili, tatu wakati anacheza na asubuhi yake limeshatulia, aendelee hivohivo. Likifika nne kwenda juu, au anaamka anachechemea, jana alizidisha, leo apumzike. Yeye ndo atoe maksi, sio ticha, sio wewe.

Wiki mbili za mwanzo asikanyage kwa nguvu, asiruke, asitue kwa magoti. Aende mazoezini ndio, mana akikaa nyumbani atapoteza nafasi na moyo utauma kuliko goti, ila afanye yale ya kusimama: kuimba, mikono, mabega, kujua anaingia lini na anatoka wapi. Mpangilio wa jukwaani mtoto anaweza kuushika akiwa anatembea tu. Wiki ya tatu aanze kukunja magoti na kukanyaga nusu nguvu, siku tatu kwa wiki na siku ya katikati iwe ya mapumziko, dakika ishirini za kukanyaga zinatosha kabisa. Mashindano yakifika kabla hajamaliza safari hiyo, siku ya mashindano acheze raundi yake kama maksi hazizidi tatu, ila yale mazoezi ya mwisho mwisho ya kurudia mara kumi asifanye. Na hata akishapona, siku moja au mbili kila wiki ziwe hazina ngoma kabisa. Mtoto anakua akiwa amepumzika.

Mazoezi ya nyumbani yapo na hayana gharama. Akae mkekani, miguu imenyooka, akaze paja kama anasukuma nyuma ya goti igandamize mkeka, ahesabu kumi, aachie, mara kumi asubuhi na jioni. Akizoea, paja likiwa limekazwa hivohivo anyanyue mguu mzima ulionyooka kama shubiri moja juu, ashushe taratibu. Alafu alale chali magoti yamekunjwa, anyanyue makalio, ashushe. Makalio na nyonga vikiwa na nguvu goti linapumua, mana kwenye kukanyaga wanagawana kazi. Kulinyoosha paja kwa kuvuta kisigino kuelekea makalio kunafaa pia ila asivute mpaka kinundu kiume, wiki za mwanzo aache kwanza.

Kuhusu bibi. Tafadhali usiende kumwambia bibi kwamba fizio kasema anakosea, sijasema hivo. Kitambaa cha maji ya moto juu ya paja kinalegeza msuli, na paja lake ndo limekaza, kwahiyo bibi aendelee kulikanda paja, hata kulichua taratibu na mafuta. Kinundu chenyewe ndo asikisugue wala kukiminya kukirudisha ndani, hakirudi, kinazidi kuchubuka. Hapo penye kinundu baada ya mazoezi paweke baridi. Zile barafu za kwenye mifuko wanazouza watoto zinatosha, izungushie kanga, dakika kumi mpaka kumi na tano, isigusane na ngozi moja kwa moja. Akiwa anaswali au anapiga magoti kwa sababu yoyote wekea kanga iliyokunjwa chini.

Dawa: panadol kwa dozi ya umri wake usiku ambao ni mbaya, sawa. Ninachokukataza kwa nguvu zote ni kumpa diklofenaki au brufeni kabla ya mazoezi ili aweze kucheza. Nimeona hata vikundi vinafanya hivo. Unazima maumivu ambayo ndo yanamwambia aishie wapi, na dawa hizo kwa mtoto asiyekula asubuhi zinachoma tumbo.

Sasa naomba uwe makini hapa, mana sehemu hii ndo iliyonifanya niandike jibu refu. Sio kila goti linalouma kwa mtoto ni goti. Mvulana mmoja aliletwa kwangu analalamika goti miezi miwili, anacheza ngoma na mpira, wamemkanda, wamemchua, goti ukiliangalia halina kitu, halijavimba, ukiligusa haumii. Nikamlaza, nikamkunja mguu kuuleta kifuani, mguu ukakataa kuja moja kwa moja, ukawa unajipindisha kwenda nje. Shida ilikuwa nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kinateleza kutoka mahali pake, kwenye ileile sehemu laini ya kukulia, na maumivu ya nyonga kwa mtoto yanapenda kujitokeza gotini. Hiyo inahitaji upasuaji, na kila siku anayoendelea kuikanyagia inazidi kuteleza. Kwahiyo leo jioni mlaze mpwa wako chali ufanye hivohivo miguu yote miwili. Kama inakuja kifuani sawasawa, vizuri. Kama mmoja unajipinda nje au anaumia kwenye nyonga na paja, au anatembea anachechemea mguu umeelekea nje, asikanyage tena, mbebeni hospitali siku hiyohiyo.

Na mambo mengine ya kumpeleka haraka: maumivu yanayomwamsha usiku akiwa amelala tu hajafanya kitu, uvimbe unaoongezeka juu au chini ya goti huku anapungua mwili, homa pamoja na goti la moto lililovimba, maumivu yanayohama leo goti hili kesho kifundo kile baada ya kuumwa koo. Kama kwenye ukoo kuna selimundu, ile wanayoita sickle cell, na hajawahi kupimwa, apimwe, mana mifupa ya watoto hao inauma kwa sababu nyingine kabisa. Na ikitokea amekanyaga au karuka akasikia kitu kimekatika, alafu hawezi kuunyanyua mguu ukiwa umenyooka, hapo kile kipande ambacho kano limejishikiza kimechomoka, ni dharura. Anzeni hospitali ya wilaya hapo Newala, wakiona inazidi uwezo watawaandikia rufaa, hospitali ya Ndanda au ya Ligula kule Mtwara. Kama hakuna dalili hata moja ya hizo, kwa kinundu cha kawaida mara nyingi hata eksirei haihitajiki, mikono ya mtaalamu inatosha.

Kwa kuwa kikundini hayupo peke yake, nikuongezee machache ya wenzake. Mtoto akiteguka kifundo cha mguu usikubali haraka kwamba ni kuteguka tu, kwa mtoto kano ni ngumu kuliko ile sehemu ya kukulia, kwahiyo kinachoachia kwanza inaweza kuwa mfupa. Asipoweza kutembea hatua nne, au akiumia ukibonyeza mfupa wenyewe, apigwe picha kabla ya mtu yeyote kumvuta mguu. Wale wa kujipinda kwa nyuma na wanaochanganya sarakasi, mgongo wa chini ukiuma zaidi wakijipinda nyuma kwa wiki mbili tatu, waache kujipinda, kuna mfupa mdogo huko nyuma unapata ufa. Wa mironjo, wale wanaocheza juu ya miti mirefu, wajifunzie kwenye ardhi laini, na miti mifupi kwanza. Uwanja ufagiliwe misumari na vipande vya chupa mana wanacheza peku, na chanjo ya pepopunda iangaliwe.

Chakula pia. Watoto wanatoka shule saa tisa na uji wa asubuhi tu, wengine hata huo hawakunywa, wanaingia kwenye ngoma mpaka magharibi. Huku kwetu mbaazi zipo, karanga zipo, kunde, dagaa, mihogo. Mfungie kitu cha kula kabla ya mazoezi. Kwa mabinti wakubwa kidogo ambao wameshavunja ungo, akikosa siku zake miezi mitatu wakati wa mazoezi makali, ukishajua hana mimba, mara nyingi mwili unakuwa umekosa chakula cha kutosha, na mifupa yake inadhoofika kimyakimya, kwahiyo mama au shangazi amuulize.

Ticha wake nenda kamuone wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Nenda kwa heshima, anafanya kazi ya kujitolea na anataka shule ishinde, sio mtu mbaya. Usimwambie mtoto anaumwa basi, mpelekee mpango: wiki mbili za kuimba na mpangilio, ya tatu nusu nguvu, siku ya mashindano atakuwepo. Muombe kikundi kizima kihamie kwenye udongo chini ya mwembe badala ya saruji, ila sio mchanga mzito unaozamisha mguu, huo unategua. Muombe na kabla ya kuanza watoto watembee, wakimbie polepole, wacheze taratibu dakika kumi ndo wakanyage, na njuga zivaliwe mazoezi ya mwisho tu. Na muombe, mkiwa mmebaki wawili, amwambie binti mbele ya wenzake kwamba hakuwa anadeka.

Kinundu sio kitu kibaya. Maumivu yatakuja na kuondoka, inaweza kuchukua miezi, kwa wengine mwaka mpaka miwili, mpaka pale pafunge pawe mfupa mgumu, na baada ya hapo panatulia penyewe. Ila kinundu chenyewe kinaweza kubaki ukubwani, hakina madhara zaidi ya kumuuma kidogo akipiga magoti kwenye sakafu ngumu. Mwambie hilo mapema mwenyewe, mana ana miaka 12 na najua atakuwa anakiangalia kwenye kioo. Baada ya wiki tatu niandikie maksi zake.